Mume amenihama kitandani kwa sababu ya boksi la kadi

"Shikamoo Shangazi. Tunaishi Columbus, Ohio, ndoa ina miaka saba. Mume wangu ana boksi la pakiti za kadi za wachezaji wa besiboli, za kampuni ya Topps za mwaka 1980, halijafunguliwa, limekaa tu juu ya kabati. Nikaamua kumfanyia sapraizi, nikalifungua nimtafutie kadi ya rukii, yaani ile ya kwanza ya mchezaji, ya Rickey Henderson anayoisema kila siku. Kwenye pakiti ya 21 nikaipata, nikaacha. Pakiti sita nikazifunga tena kwa pasi ili boksi lisionekane limepungua, maganda mengine nikatupa. Dukani wamesema kadi ni dola 60. Nilipompa mume wangu hakusema hata asante. Wiki ya pili sasa analala sebuleni, na mama yake amenipigia kutoka Tanga kuniita mharibifu. Vikaratasi vya watoto ndivyo vya kuvunja nyumba? Nidai talaka?"
— Niliyechoka

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala peke yako, baridi ya Ohio si ya mchezo. Pole zangu zimeishia hapo.

Sapraizi haipigwi pasi. Anayemwandalia mumewe furaha hana haja ya kuziba mapengo ndani ya boksi. Tena kadi ilipita dukani kabla ya kufika mkononi mwa mwenyewe. Hukuandika popote kwamba hizo dola 60 ulizikataa kwa mapenzi. Mimi nasoma kwamba ulitarajia maelfu, ukatajiwa sitini, ndipo ikageuka zawadi. Kama nimekuonea, niandikie tena, lakini safari hii anzia dukani.

Sasa hivyo "vikaratasi". Boksi la Topps la 1980 lina pakiti 36, kila pakiti kadi 15 na kipande cha bigijii. Zidisha, utapata kadi 540. Toleo zima lina kadi 726 tofauti na Henderson ni mmoja tu, namba 482. Kwa wastani boksi zima halikuahidi hata Henderson mmoja. Lipo litakalotoa wawili, lipo litakalotoka kapa. Anayetoa maelfu ya dola kununua boksi ambalo halijaguswa anamnunua Henderson asiyeonekana, ambaye huenda ana pembe kali na picha iliyokaa sawasawa katikati. Ukishafungua, unabaki na huyo aliyetoka. Na wa mwaka ule wengi walikatwa kombo. Chukua rula, pima ukingo mweupe wa kushoto na wa kulia, kisha wa juu na wa chini. Ukivuka sana 55 kwa 45, sahau alama 10, ile ya juu kabisa, ya PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi. Ndiyo maana mwenye duka akakutajia sitini bila kupepesa macho.

Mama mkwe wako neno lake kali, lakini amepatia. Mwanamke wa Tanga anayetunza kanga ya gora sandukuni, haijakatwa wala haijaingia maji, hahitaji kufundishwa thamani ya kitu kizima.

Kufungua ningekusamehe. Pasi siwezi. Miaka ile kiwanda hakikuvisha boksi nailoni, lilikuwa na kifuniko tu. Shahidi ni pakiti zenyewe, karatasi yenye nta iliyokunjwa nyuma na kubanwa kwa joto mara moja. Mnunuzi mzoefu huzigeuza moja moja. Nta ya kiwandani huacha alama moja iliyotulia, ya pasi hutapakaa na kung'aa, na karatasi hupata mkunjo wa pili pembeni mwa ule wa zamani. Akiiona moja tu ya namna hiyo, haziamini hata zile 15 ambazo hukuzigusa. Zaidi ya hapo, joto huyeyusha nta ikaloweka kadi iliyo karibu, na bigijii ya miaka zaidi ya 40 ni kama kigae, ukiibana inavunjika na kukwaruza. Soko lenyewe tayari limejaa hofu. Januari 2022 Logan Paul, yule maarufu wa YouTube, alifungua maboksi aliyoyalipia dola milioni 3.5 akiamini ni kadi za Pokémon, akakuta za G.I. Joe. Sasa mumeo angeliuza boksi lake bila kujua, nani angeitwa tapeli? Yeye, kwa jina lake, mbele ya wakusanyaji kadi wenzake.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Simu mbili zenye namba za siri, akaunti tatu, na kila mtu anapekua kabati la mwenzake akitafuta bei. Cha mume ni chetu, cha mke ni changu. Mashoga zako kwenye kundi la WhatsApp wanasema "mjaribu uone", na wao wamelala na waume zao. Mwanamume anayerudi nyumbani jioni na kutazama boksi lake, hanywi, hapotei, wewe unamwita mtoto. Asiyekujua hakuthamini.

Talaka hapana. Fanya hivi. Zile sita za pasi zitoe ndani ya boksi leo, ziandike kwa kalamu "zimefunguliwa", zisichanganyike tena. Zile 15 zisiguse joto wala unyevu. Bado zina kadi 225, yaani kama nafasi moja kati ya tatu ya Henderson mwingine, ingawa mashine zilipanga kadi kwa mfuatano na mjuzi akiona zilizotoka anaweza kukisia zilizobaki. Boksi tupu usitupe, lina wanunuzi wake. Hata yale maganda uliyotupa yalikuwa nao.

Huyo Henderson usimpanguse kwa maji. Nta iliyo juu ya kadi hutoka kwa kusuguliwa taratibu na kipande safi cha soksi ndefu ya nailoni. Doa la bigijii nyuma halitoki, liache. Mvishe kwanza mfuko laini wa plastiki, ndipo aingie kwenye kishikio kigumu, na raba bendi isimkaribie. Kumpeleka PSA akiwa kombo ni kuchoma ada.

Ukitaka raha ya kufungua, nunua Topps ya 1987. Ni pakiti 36 za kadi 17, zilichapishwa nyingi mno hata leo ni rahisi, na ndani kuna Barry Bonds namba 320 na Mark McGwire namba 366. Mfungue wawili, mezani, yeye akiwa amekaa.

Kabla ya hilo mweleze habari ya pasi, pakiti kwa pakiti, na ya dukani pia. Mama mkwe mpigie baada ya mwanawe kuyasikia kwako, si kabla.