Umemaliza kozi ya UX na kazi hupati? Jibu langu refu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza alinitumia ujumbe: "Shikamoo braza. Nimemaliza kozi ya UX ya Google kule Coursera, cheti ninacho, potifolio hii hapa, nimeomba kazi kila sehemu na sijibiwi. Nisome kozi gani nyingine?" (UX, kwa asiyejua, ni usanifu wa uzoefu wa mtumiaji: kupanga programu au huduma kwa namna mtu anavyoitumia.) Ujumbe wa namna hii unanijia sana siku hizi, na kawaida najibu kwa mistari miwili. Huyu nimeamua kumjibu kwa kirefu, kwa sababu nilifungua potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi zake, nikaitazama hadi mwisho.

Marahaba, mdogo wangu. Jicho unalo. Rangi zimetulia, maandishi yamepangika, vitufe vimekaa mahali pake. Lakini kazi zako ni programu ya kuagiza kahawa, programu ya hali ya hewa, na programu ya kumtafutia mbwa mtu wa kumtembeza jioni. Mtumiaji wako wa mfano anaitwa Sarah, ana miaka 28, anaishi San Francisco. Mwanza yote hiyo, kuanzia Igoma hadi Bwiru, umekosa hata mtu mmoja wa kumtazama akihangaika na simu yake?

Sisemi kozi ni mbaya. Google walipoileta mwaka 2021 walifungua mlango kwa watu wengi ambao wasingeweza kulipa ada ya chuo cha nje, na mimi mwenyewe nimewashauri wengi waisome. Shida ni kwamba kila anayeimaliza anatoka na Sarah yule yule. Mwajiri akifungua maombi kumi, anakutana na mbwa kumi.

Sasa nikusimulie yangu.

Mimi nilitokea kwenye kadi za harusi, mabango na fulana za misiba na mahafali. Nilivyoingia kwenye kampuni ya programu ni habari ya mtu kumjua mtu, tuiruke. Kampuni ilikuwa inatengeneza programu ya vikoba, na wafadhili walikuwa wameuliza kama kuna mtu wa UX. Ikabidi apatikane, nikapatikana mimi. Nilipewa kompyuta nzuri na maelekezo ya kuchora skrini ambazo bosi alikuwa ameshaziamua kichwani. Nilichora sana. Nilikuwa nasifiwa pia, nisidanganye, na sifa zilikuwa zinanilewesha.

Kilichonibadilisha ni kwenda Mbagala kukaa na mama mmoja mweka hazina wa kikundi. Anauza dagaa na nazi. Sikumuuliza kama anaipenda programu yetu, maana angesema anaipenda. Mgeni hajibiwi vibaya. Nilimwomba tu aitumie siku ya kukusanya hisa, mimi nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya meza yake.

Akafungua programu. Skrini ya kwanza ikatoka na salio la kikundi, tarakimu kubwa za kijani, upana wote wa kioo. Ofisini ile skrini tulikuwa tunajivunia kuliko zote. Mama akaishusha simu haraka mapajani, akaifunika kwa pindo la khanga, akamtazama mteja aliyekuwa anachagua nazi. Mteja alipoondoka akaniambia: "Hii ni hela ya watu, mwanangu. Yule akiiona, kesho mtaa mzima unakuja kukopa."

Halafu ikaja namba ya uthibitisho. Inakuja kwa meseji, kwa hiyo ilibidi atoke kwenye programu akaisome. Akachukua peni ya bluu, akaandika zile tarakimu kwenye kiganja. Aliporudi, simu yake ndogo ilikuwa imeshaifunga programu ili kupata nafasi, na kila kitu kimeanza upya. Akaomba namba nyingine. Akaiandika chini ya ile ya kwanza. Kiganja kilipojaa alicheka, akaweka simu pembeni, akafungua daftari la kaunta na kuendelea na kazi kama alivyofanya siku zote kabla yetu.

Nilirudi ofisini nimejaa. Niliandaa kikao, nikaonyesha picha ya kile kiganja (nilimwomba ruhusa). Nikapendekeza salio lifichwe hadi mtu aliguse mwenyewe, na namba ya uthibitisho isomwe na programu bila mtu kutoka. Bosi alisikiliza akiwa anapitia simu yake, halafu akasema: "Watazoea."

Nimelisikia hilo jibu kwenye kila kampuni niliyopita baada ya hapo. Watu wanazoea kweli, ndiyo. Wanazoea daftari lao.

Niliondoka pale si muda mrefu baadaye. Siku moja nikaalikwa kwenye mkutano wa teknolojia kwenye hoteli moja hapa Dar, nikamkuta bosi yule yule jukwaani akionyesha toleo jipya: salio limefichwa, lina alama ya jicho, namba inajijaza yenyewe. "Tuliwasikiliza watumiaji wetu," akasema, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na chupa yangu ya maji. Nimesamehe. Lakini bado nina hiyo programu kwenye simu, na kila nikiiona ile alama ya jicho roho inaniuma kidogo. Wa karibu yangu wananiambia niache kuisimulia hii habari. Siachi.

Kwa nini nakwambia haya yote? Kwa sababu kazi yetu ndiyo hii, mdogo wangu. Don Norman alipojiunga na Apple mwaka 1993 akajiita msanifu wa uzoefu wa mtumiaji, hakuwa mchoraji. Alikuwa mtu wa saikolojia. Alitaka kazi iguse kila kitu kinachomkuta mtu, tangu kufungua boksi mpaka kupata msaada mambo yakikwama. Kuchora skrini ni sehemu tu. Sisi huku tumeichukua hiyo sehemu tukaifanya ndiyo kazi nzima, kwa sababu ndiyo inayopendeza ukiiweka mtandaoni.

Wala usidhani kwetu hakuna mifano. M-Pesa, kabla haijazinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2005 na wateja wachache wa taasisi ya mikopo, Nairobi na Thika. Lengo la mwanzo lilikuwa mtu alipe rejesho la mkopo kwa simu. Susie Lonie na wenzake waliokuwa wanasimamia jaribio wakaona watu wanafanya yao: wanarushiana pesa wao kwa wao, wanalipana biashara kwa biashara, wanatuma nyumbani. Timu ingeweza kusema "watazoea" na kuwarudisha kwenye marejesho. Walipozindua, tangazo likawa kutuma pesa nyumbani. Mkopo uliwekwa pembeni. Uamuzi ule haukutoka kwenye rangi ya kitufe. Ulitoka kwa watu waliotazamwa wakitumia kitu kwa namna ambayo mwenye kitu hakuipanga.

Tazama pia menyu ya nyota na reli. Wengi wenu mnaidharau kwa sababu haina picha. Kitaalamu inaitwa USSD. Skrini yake moja ina nafasi ya herufi 182 tu, ukichelewa inakatika, na ndani ya hapo lazima umwongoze mtu wa kitochi hadi pesa yake ifike kwa anayemtaka. Ile hatua ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, ile moja tu, imeokoa pesa za watu kuliko vivuli vyote nilivyowahi kuchora. Ukiweza kuipanga vizuri menyu ya herufi 182, skrini ya simu janja haitakusumbua.

Kwa hiyo, kozi gani nyingine? Hakuna. Toka nje.

Nenda soko la Mwaloni pale Kirumba, kaa na wakala wa pesa asubuhi nzima. Angalia anaandika nini kwenye daftari ambacho simu ingepaswa kumwandikia. Angalia anavyobeba simu tatu na ipi anaitumia kwa nini. Au kaa na mtu anayeingiza tokeni ya LUKU usiku: tarakimu 20, mita iko juu ya mlango, umeme umekatika, na simu yenye ujumbe ndiyo hiyo hiyo inayomulika. Anasoma nne, anainua simu amulike, amesahau mbili. Hiyo ni kazi ya potifolio, bure kabisa, na hakuna mwenzako mwenye cheti aliyeifanya. Itazame, iandike, pendekeza kitu, rudi ukamjaribishe yule yule. Halafu kaa na mwingine. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha karibu asilimia 85 ya matatizo ya kitu unachokijaribu. Watano! Hata ukoo wako unatosha, ingawa nakusihi usianze na ndugu, watakuonea huruma.

Ushauri wa pili ni ule ule wa kwanza: kaa na watu. Naurudia kwa sababu najua utausoma, utatikisa kichwa, halafu utarudi Figma. Figma, programu ya kuchorea skrini, ni chombo kizuri. Adobe walikubali kuinunua kwa dola bilioni 20 mwaka 2022, mpango ukavunjika mwaka uliofuata. Lakini leo ukiiandikia akili mnemba sentensi mbili, inakuchorea skrini nzuri kuliko zako na zangu. Kama unachouza ni kuchora, umeshachelewa. Kile kiganja chenye wino wa bluu akili mnemba haikukiona, na haitakiona mpaka mtu aende Mbagala.

Na jiandae kupuuzwa. Vijana wengi mnadhani ukileta ukweli kikaoni watu watasimama. Watakuambia muda hauruhusu, mfadhili anataka, mteja atazoea. Usinung'unike kwenye kona ya chai. Andika ulichokiona, weka tarehe, tuma kwa barua pepe kwa wote waliokuwa kikaoni. Siku wazo lako likipanda jukwaani bila jina lako, angalau utakuwa na ushahidi wa kuweka kwenye potifolio. Mimi sikuwa nao.

Ukiitwa kwenye usaili wako wa kwanza, wasimulie habari ya mtu mmoja uliyemtazama, tangu alipoichukua simu mpaka alipoiweka chini. Kwenye usaili ninaoufanya mimi siku hizi, anayeweza hilo namuweka juu ya rundo kabla sijaangalia cheti. Wengi hawawezi.

Jambo la mwisho, na hili hata kampuni kubwa zinalisahau: ukimkalisha mtu, mlipe. Mama wa dagaa akikupa nusu saa, ni nusu saa ya wateja wake. Soda haitoshi. Nunua mzigo wake, au mpe ya mkononi kabla hujaondoka, na kama ni kazi ya kampuni, liweke kwenye bajeti kabla bajeti haijapitishwa, maana baadaye watakuambia utumie ya mfukoni kwako.