Je, nizame na fimbo?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Kasarani. Nimemaliza masomo ya bwawani ya kupiga mbizi kwa mtungi hapa Nairobi, na Desemba tunakwenda Watamu watu wanne kumalizia sehemu ya baharini. Rafiki yangu aliyewahi kuzama Zanzibar amenipa fimbo ya chuma yenye kamba ya kuvaa mkononi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Anasema itanisaidia kuwaonyesha wenzangu samaki, kugonga mtungi nikitaka kuwaita, na kujishikiza mkondo ukinivuta. Mwalimu wetu hataki hata kuiona. Nimsikilize nani? Na je, tunaweza kurudi Nairobi kwa treni jioni ya siku ileile tuliyozama?*

*Msomaji, Kasarani*

Marahaba, mwanangu. Iache Kasarani.

Rafiki yako hakukudanganya. Hizo kazi tatu zipo kweli. Mimi mwenyewe nilibeba fimbo kama hiyo miaka sita nilipokuwa nikiongoza wageni pwani ya kusini, na zipo bahari ambako karibu kila kiongozi anayo. Mlangobahari wa Lembeh kule Indonesia ni mahali pa mchanga na tope, na watu huenda kutafuta viumbe vidogo kuliko ukucha. Anayezama pale hudunga ncha mchangani, akasimama palepale bila kutimua vumbi kwa mapezi. Lakini wewe unakwenda kwenye matumbawe, na unakwenda ukiwa bado hujajua kuelea. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi.

Anayeanza akipewa fimbo huigeuza mkongojo. Akizama kidogo anaegemea, akiyumba anaegemea, na mwili haupati nafasi ya kujifunza kujisimamisha kwa pumzi. Niliwahi kuwa na mgeni wa namna hiyo. Aliegemeza fimbo juu ya tumbawe la mviringo, lile gumu linalofanana na jiwe kubwa, akabonyeza kwa uzito wake wote. Alipoondoka palibaki kishimo cheupe cha ukubwa wa sarafu. Tumbawe lina ngozi nyembamba mno ya viumbe hai juu ya mifupa ya chokaa, na ngozi hiyo ndiyo iliyotoboka. Niliporudi miezi kadhaa baadaye kishimo kilikuwa kimeota mwani. Matumbawe ya aina ile hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo lenye kimo cha mtu lilikuwepo kabla bibi yangu hajazaliwa. Na haya ni matumbawe yaliyokwisha kuteseka: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa. Yaliyopona na yaliyoota tangu hapo sitaki yaguswe na mwanafunzi.

Kuhusu kuonyesha samaki, nina jambo langu la kukiri. Wavuvi wa kwetu huenda mwambani na chuma wakati wa bamvua, maji yakishatoka, wakachokoa pweza mapangoni. Wao wanatafuta kitoweo. Mimi nilichokoa pweza ili mgeni apate picha. Nilimwona mlangoni mwa pango lake, mabaki ya kaa na makombe yametapakaa mbele yake, nikaingiza ncha. Akawa mweupe ghafla, akamwaga wino, akakimbia juu ya mwamba mchana kweupe. Wageni walifurahi sana. Kesho yake nilipita pale nikakuta pango tupu, na keshokutwa pia. Sijui kama aliliwa au alihama, ila najua nani alimtoa. Tangu siku hiyo sijabeba fimbo tena.

Utaniambia wewe hutachokoa mtu. Naamini. Lakini chuma kikiwa mkononi mkono unapata ujasiri usiokuwa wake. Kule Bonaire, katika bahari ya Karibi, hifadhi yao imepiga marufuku hata glavu kwa wapiga mbizi wa kawaida, kwa sababu mkono uliofunikwa hushika hovyo. Mkono mtupu unaogopa, na hofu hiyo ni njema: chini kule yupo samaki anayefanana na jiwe kabisa, mwenye miiba ya sumu mgongoni, na wapo viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano. Naye taa, yule samaki bapa, hulala chini ya mchanga macho tu yakiwa nje. Ukidunga fimbo mchangani bila kutazama, unaweza kumdunga yeye.

Kugonga mtungi kunasaidia kidogo kuliko unavyofikiri. Sauti majini husafiri zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo masikio hayawezi kujua inatoka upande gani. Ukigonga, wote wanne mtageuza vichwa huku na huku, na samaki uliyetaka waone ameshaondoka.

Badala ya fimbo, nunua tochi ndogo isiyoingia maji. Mzungushie mwenzako duara la mwanga mchangani mbele yake, atatazama. Kisha peleka mwanga pale unapotaka aone, kwa upole, si machoni mwa samaki. Tena itakupa zawadi ambayo fimbo haina. Rangi nyekundu hupotea mita chache tu chini ya maji, kila kitu kikawa buluu na kijivu. Ukimulika mwamba, wekundu unarudi palepale. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Kuhusu mkondo, mfuate kiongozi wako na ukae karibu naye. Pakiwa na mkondo wa kumshinda mwanafunzi, hapo si mahali pa mwanafunzi.

Wiki zilizobaki zitumie bwawani. Weka sarafu ya shilingi 20 sakafuni, lala kifudifudi juu yake, pua ikiwa shubiri moja kutoka kwenye sarafu, mikono umeifunga kifuani. Pumua polepole. Ukivuta pumzi utapanda kidogo baada ya muda, ukitoa utashuka. Kaa hapo dakika 5 bila kupiga mapezi na bila kugusa sakafu. Ukiweza, mwalimu wako atakuona mtu mwingine.

Halafu usiende Watamu na hesabu ya uzito wa bwawani, yaani zile kilo za madini ya risasi unazovaa kiunoni ili uweze kuzama. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, yanakuinua, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida na vifaa vyake huhitaji kama kilo 2 au zaidi juu ya zile za bwawani. Jipime kabla ya kuzama: jaketi lako la kuelea likiwa halina hewa, pumzi ya kawaida umeishika, maji yakufike usawa wa macho. Kumbuka pia mtungi wa alumini huwa mwepesi hewa inapopungua, kwa hiyo mwambie kiongozi akuongezee kidogo kwa ajili ya mwisho wa mbizi. Wengi wanaozama kama jiwe na kutafuta cha kushikilia wamebeba risasi nyingi kupita kiasi kiunoni, wala si kwamba hawana fimbo.

Sasa treni. Hapana, si jioni ileile. Watu hudhani kanuni ya kusubiri ni ya ndege tu, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili wenye naitrojeni ya mbizi, ile gesi inayoingia mwilini ukipumua chini ya maji na inayoweza kufanya mapovu ukipanda juu kabla haijatoka, haujali kama umepandishwa na ndege au na reli. Kwa mbizi moja subiri angalau saa 12, kwa mbizi kadhaa angalau saa 18. Nyinyi wanafunzi mtazama zaidi ya mara moja, kwa hiyo hesabuni 18 tangu mlipotoka majini mara ya mwisho. Laleni Watamu, asubuhi mtembee ufukweni, na tiketi mkate ya treni ya mchana wa kesho yake au ya usiku.