Tour du Rwanda ukitokea Goma: usikimbilie mstari wa kumalizia

Mkuu umeuliza hivi: mwezi wa pili utakuwa Goma kikazi, unataka kuvuka mpaka hadi Rubavu, Rwanda, uangalie Tour du Rwanda, zile mbio za baiskeli za siku kadhaa, siku ya milima, ila rafiki yako wa Mwanza kakukatisha tamaa, eti unasubiri saa nne halafu wanapita sekunde kumi. Rafiki yako hajakudanganya. Alisimama pabaya tu.

Kwenye tambarare kundi lote linakwenda kilomita 45 kwa saa au zaidi, wamebanana bega kwa bega, na anayejificha nyuma ya mwenzake anakingwa upepo kiasi kwamba hata aliyechoka bado yumo. Ukisimama hapo utaona rangi, utasikia vuuu, kwisha. Mlimani ni habari nyingine. Kwenye asilimia 8 (kila mita 100 za barabara unapanda mita 8) mwendo unashuka hadi kilomita 15 au 20, kujificha nyuma ya mtu hakusaidii sana, kila mmoja anabeba uzito wake. Kundi linakatika vipande. Wanakuja mmoja, wanakuja watatu, kimya kidogo, anakuja mmoja amefungua zipu ya jezi mpaka kitovuni, na wa mwisho anaweza kupita nusu saa nzima baada ya wa kwanza. Kiingilio ni kile kile, yaani bure, ila wewe umeona mbio.

Sisi wa Goma wengi tunakwenda pale wanapomalizia mjini Gisenyi, ndiyo Rubavu hiyo hiyo, kwa sababu ni karibu. Unatoka Birere kwa miguu, unavuka Petite Barrière, kile kivuko cha mpakani cha waenda kwa miguu, umefika. Muziki upo, magari ya matangazo yanagawa kofia, watoto wamejaa juu ya kuta. Raha ipo, sikatai. Lakini angalia ramani: hatua (mbio za siku moja) ikitokea Musanze, wanapanda hadi Bigogwe, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, kisha wanaporomoka mpaka ziwani, mita 1,460. Wanaingia mjini kwa kasi ambayo hata namba mgongoni huisomi. Siku hiyo uzuri uko upande wa pili wa Bigogwe, wanakotoka. Siku ya Rubavu kwenda Karongi, au wakija kutokea huko, shika barabara ya Pfunda penye mashamba ya chai. Ile ya kandokando ya Kivu haijui kutulia, ni kupanda na kushuka mpaka Karongi.

Mlimani penyewe, usikae chini kabisa, bado wamebanana. Kileleni nako watu ni wengi na wanaopigania pointi za mlima wanapita wameinama. Tafuta sehemu ya theluthi ya mwisho, juu ya kona, uone barabara iliyo chini yako. Utaanza kuwaona kwa mbali, utawahesabu, na wakifika kwako utajua nani ameachwa tangu ile kona. Kuna pikipiki inayopita na ubao wenye muda wa pengo kati ya waliochomoka mbele na kundi. Usome. Dakika mbili chini ya mlima zikiwa sekunde arobaini juu, basi waliochomoka wameshaliwa, kundi litawakamata.

Na usiondoke baada ya jezi ya njano, yaani anayeongoza mbio zote, kupita. Hapo ndipo wengi wanakosea. Nyuma kuna kundi la mkia, wale ambao hawashindani tena na mtu yeyote isipokuwa saa, kwa sababu anayechelewa kupita muda uliowekwa haruhusiwi kuanza kesho. Ukiwa karibu unaona chumvi imechora mistari myeupe kwenye kaptula nyeusi, unasikia pumzi na mnyororo, na harufu ya klachi za magari ya timu yanayopanda kwa mwendo wa mguu nyuma yao. Mimi hao ndio huwapigia makofi zaidi. Mshindi anao wa kutosha.

Mwaka mmoja nilikwenda na jirani yangu, mtu wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, anayeshusha viazi na makaa kutoka Kibumba. Baiskeli za bei ile hazikumshtua. Alichoangalia ni mteremko. Yeye breki yake ni kipande cha tairi anachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma, na mzigo unamsukuma mgongoni, kwa hiyo anaijua kona kabla haijafika. "Huyu ameshika breki mapema, atapitwa." Alipitwa mbele ya macho yetu. Baada ya hapo nikawa namsikiliza yeye kuliko mtangazaji wa redio.

Kama unataka kuona mlima unavyowapunguza watu, mfano mkubwa ni mbio za wanaume za mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, tarehe 28 Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Kilomita 267.5, na kupanda kwa jumla zaidi ya mita 5,000. Nilipanda basi, nikasimama kwenye mawe ya Kimihurura. Kwa kuwa walikuwa wanazunguka mjini, unawaona tena na tena, na kila wakirudi ni wachache zaidi. Pogačar, Mslovenia aliyeshinda siku ile, aliondoka kwenye mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100 na hakukaa kusubiri mtu kwa muda mrefu. Walianza zaidi ya 150, wakamaliza 30. Na kelele za Waeritrea pale sijawahi kusikia kwingine. Tangu Mwaeritrea mwenzao Biniam Girmay achukue jezi ya kijani, ya mshindi wa pointi, kwenye Tour de France mwaka 2024, hao jamaa hawashikiki.

Najua wapo humu watakaosema mtu wa Goma alikuwa na moyo gani wa kushangilia baiskeli ng'ambo mwaka ule, mji wetu ukiwa umetekwa tangu Januari. Siwabishii. Wengine hawakwenda, na nawaelewa. Mimi nilikwenda.

Sasa ya safari. Uliza saa za mpaka asubuhi ile ile, hubadilika, na usitegemee za mwaka jana. Saa zetu za Goma na Rwanda ziko nyuma ya zenu za Tanzania kwa saa moja, usije ukakosea. Vitafunio usibebe kwenye mfuko wa plastiki, Rwanda wameupiga marufuku tangu 2008 na utaachwa na maandazi mkononi. Kikapu au karatasi. Barabara hufungwa mapema kabla ya mbio, kwa hiyo motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akupandishe mlimani asubuhi, na mpatane bei ya kurudi kabla hamjaachana. Mwavuli uwepo, mvua za jioni huku milimani hazipigi hodi.

Watoto walete, ila washike mikono. Usikimbie pembeni ya mpanda baiskeli, usinyooshe bango barabarani. Mwaka 2021 kwenye Tour de France shabiki mmoja na kipande chake cha boksi aliangusha sehemu kubwa ya kundi. Kwenye mteremko usisimame upande wa nje wa kona, ndiko baiskeli inakokimbilia ikimshinda mtu. Ukiona gari la ufagio limepita, lile linalookota walioacha mbio, subiri polisi wafungue barabara, kisha shuka. Njiani kuna sambaza, vile visamaki vya Kivu, za kukaanga, na ukiwahi zinakuwa bado za moto.