Maswali ya Wasomaji: Nifuate mwongozo upi kuunda paneli ya sola?

SWALI: Mafundi wetu, salaam. Nimekusanya miongozo minne ya kuunda paneli ya sola nyumbani. Mmoja unauzwa kwa dola, na unaahidi kuwasha nyumba nzima pamoja na friji na pasi. Mwingine ni wa bure, umejaa hesabu na picha chache. Mimi nataka taa, kuchaji simu na redio tu. Nishike upi?
Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu yetu, huo wa dola uweke kando, na hesabu yenyewe itakuonyesha sababu. Paneli ya nyumbani kwa kawaida huwa na seli 36, yaani vipande vyembamba vinavyogeuza jua kuwa umeme, za inchi 3 kwa 6. Kila seli hutoa karibu nusu volti na ampea 3.6 jua likiwa kali, kwa hiyo paneli nzima ni ya wati 60 na kidogo. Kwa Uganda, jua la siku nzima huhesabiwa kama saa 5 hivi za jua kali. 60 mara 5 ni 300. Ukitoa joto, vumbi na hasara ya betri, unabaki na kama wati-saa 200. Taa nne za wati 5 kwa saa tano, simu tatu na redio zinaingia humo vizuri. Pasi ya wati 1,000 ingezimaliza zote kwa dakika 12.

Huo wa bure usiukubali kabla ya kuupima. Tazama kwanza unataja seli ngapi. Mwongozo unaosema seli 30 zinatosha betri ya volti 12 umeandikwa na mtu ambaye hakupanda juu ya mabati saa saba mchana. Seli 30 zina volti 15 kwenye karatasi, lakini silikoni iliyounda seli ikipata joto hupoteza karibu asilimia 0.4 ya volti kwa kila digrii inayozidi 25. Paneli ikifika digrii 65 hushuka hadi kama volti 12.6, na betri ya asidi inahitaji takriban 14.4 ili ijae. Seli 36 huanza na 18 na hubaki na 15 penye joto hilo hilo. Ndiyo maana ni 36.

Kisha soma sehemu ya kuchomelea. Seli ina unene wa kama milimita 0.2 na huvunjika kama biskuti kavu, kwa hiyo mwongozo wa kweli utakuambia ununue 40 au zaidi. Utakueleza kwamba uso wa buluu ni hasi na mgongo ni chanya, na kwamba utepe wa shaba uliopakwa bati hutoka usoni pa seli moja kwenda mgongoni pa inayofuata. Utataka upake dawa ya kusafishia kiungo (flaksi) kabla ya lehemu, na utumie chuma cha kuchomelea cha wati 60 chenye ncha bapa. Chuma cha wati 25 hupoa kikigusa utepe. Fundi hukikandamiza muda mrefu, na hapo seli hupasuka au lehemu hukaa juu juu bila kushika. Tafuta pia kama unasema uache nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya seli na ukunje utepe kidogo hapo katikati. Paneli hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na utepe ulionyooka kama uzi wa kinanda hukatika baada ya miezi.

Lakini kurasa za kusoma mara mbili ni zile za kuzuia maji. Hapo ndipo paneli nyingi za nyumbani hufia. Kiwandani seli hufungwa kwa filamu ya plastiki iitwayo EVA, ambayo huyeyushwa kwa joto la karibu digrii 150 huku hewa ikinyonywa. Nyumbani njia inayokaribia hiyo ni silikoni ya kuzibia, ya majimaji, ya kuchanganya sehemu mbili, inayomwagwa taratibu mgongoni mwa seli zikiwa juu ya kioo kigumu cha milimita 3 au 4. Mwongozo unaokuambia ubandike seli kwenye mbao na kufunika kwa plastiki, utupe. Mbao hunywa maji, hufura na kupasua seli. Plastiki hupinda kwa joto. Gundi ya epoksi nayo hugeuka manjano juani.

Na tukuambie wazi: ikiwa haja yako ni mwanga tu, paneli ya kiwandani ya wati 50 au 60 ni nafuu zaidi na itaishi muda mrefu. Unda yako ikiwa unataka kujifunza kazi. Kwa vyovyote, fyuzi karibu na betri na kontrola ya chaji (kifaa cha kuzuia betri isijazwe kupita kiasi) ya ampea 10 haviepukiki.

SWALI: Niliunda paneli ya seli 36 ndani ya sanduku la mbao. Kabla ya mvua ilichaji vizuri. Sasa mita bado inasoma volti 20, lakini betri haijai. Je, betri imekufa?
Msomaji, Kasese

JIBU: Inawezekana, ila shuku paneli kwanza. Volti 20 umezipima bila mzigo, na kiungo kilichoota kutu hupitisha volti bila shida mradi hakuna umeme unaotembea. Tenganisha paneli na betri. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha gusa ncha mbili za paneli juani saa sita kwa sekunde chache. Ukipata ampea 3 na zaidi, paneli ni nzima. Ukipata nusu ampea, kuna kiungo kibovu. (Kipimo hiki usikifanye kamwe kwenye betri; utaunguza mita na vidole.)

Kumtafuta mkosaji, unganisha paneli na taa ya gari ya volti 12, wati 21, ufungue sanduku na upime kila mstari wa seli tisa huku taa ikiwaka. Mstari usio na kasoro utasoma zaidi ya volti 4. Ulioshuka sana ndio wenye ugonjwa. Tafuta utepe wenye rangi ya kijani. Kuchomelea upya kutakusaidia hadi masika ijayo tu, maana sanduku la mbao litaingiza maji tena.

SWALI: Mwongozo wangu kutoka Marekani unasema nielekeze paneli kusini kwa digrii 40. Ni sawa?
Msomaji, Mbale

JIBU: Hapana. Hiyo ni ya huko kwao, mbali kaskazini mwa ikweta. Kwetu jua hupita karibu utosini, upande wa kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba. Inamisha digrii 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, elekea kaskazini au kusini, upande usio na kivuli cha mti, na uache sentimita 10 za hewa kati ya paneli na bati. Ukifika ukurasa wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, kumbuka wao hutumia volti 120. Sisi ni 240.