Mdudu Mgeni na Hesabu Zake: Maswali Yenu ya Msimu wa Maembe

Mwaka juzi nzi wa maembe alikuwa kwa jirani tu, leo yuko kijiji kizima. Je, sasa anazaana kwa kasi zaidi? (Ganda)

Si lazima. Mdudu akienea kila upande kwa mwendo uleule, umbali ukifika mara 2, eneo limefika mara 4. Mwaka 1951 Skellam, mtaalamu wa hesabu za viumbe, alilionyesha hilo kwa muskrat, wanyama wa manyoya walioachiwa karibu na Prague, Ulaya, mwaka 1905: kipeuo cha pili cha eneo lao kilipanda kwa mstari ulionyooka, yaani mwendo wao ulibaki uleule. Nyinyi mmeshtuka leo kwa sababu mwaka juzi hakuna aliyehesabu.

Atafika shambani kwangu tarehe gani? (Hindi, Lamu)

Kila msimu naulizwa hivi, bila kutajiwa mdudu wala zao. Modeli, yaani hesabu ya kukisia mdudu ataeneaje, hukadiria uwezekano. Tarehe haitoi.

Nzi mdogo vile aliwezaje kuruka kutoka Asia? (Mambrui)

Hakuruka. Alisafirishwa akiwa funza ndani ya matunda, na Kenya aligunduliwa mwaka 2003. Katika hesabu aliyoianzisha mwanatakwimu Fisher mwaka 1937, kasi ya kuenea hupatikana hivi: zidisha kasi ya kuzaana kwa kasi ya kutawanyika, chukua kipeuo cha pili cha jibu, kisha kizidishe mara 2. Lakini hesabu hiyo haijui matatu. Kapu moja la ngowe zenye funza likipakiwa Malindi asubuhi, mchana liko Mokowe, zaidi ya kilomita 200. Ndiyo maana modeli nzuri huongezewa safari za ghafla za mbali. Nawasihi, msimpelekee shangazi maembe yaliyotobolewa.

Mtego wangu haujanasa kitu wiki tatu. Niandike nini? (Kakuyuni)

Andika 0. Na tarehe. Niliwahi kuchora ramani kwa madaftari ya wakulima walioandika siku za kunasa tu, nikashindwa kujua wapi nzi hayupo na wapi mtego haukukaguliwa. Ramani nzima niliitupa. Kumbuka pia kwamba methili yujenoli, kemikali ya kuvutia nzi inayowekwa mtegoni, huita madume peke yao, kwa hiyo 0 si ruhusa ya kulala. Kagua siku ileile kila wiki.

Dawa gani inaua haraka? (Watamu)

Bwana shamba atakueleza. Leo hii okota maembe yaliyoanguka, uyafukie nusu mita au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani. Funza akishaingia udongoni kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi, umemkosa.