Mwalimu Anajibu: Mihadhara 11 Imenielemea

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko mwaka wa pili. Chuo chetu sasa ni nusu kwa nusu: mihadhara inarekodiwa na kuwekwa mtandaoni, halafu Jumanne na Alhamisi tunakutana darasani kwa mjadala. Mimi naona safari ya bure. Video naziangalia kitandani, tena kwa kasi maradufu. Ila ukweli ni kwamba nimelimbikiza 11. Siwezi kusoma mtandaoni tu?
Mlimbikizaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina umejipa mwenyewe, mimi simo.

Hizo 11 usizikeshee. Anza na ya wiki hii ili uingie darasani ukiwa na la kusema; za nyuma zifuate moja kila siku. Kasi maradufu ni ya kurudia, si ya kusikia mara ya kwanza. Kila dakika kumi simamisha, andika ulichobaki nacho kichwani. Karatasi ikiwa tupu, ulikuwa unatazama tu.

Sasa hiyo safari ya bure. Nafundisha takwimu. Muhula uliopita, katika mhadhara niliorekodi, niliweka alama ya kujumlisha mahali pa kutoa. Wiki tatu jukwaa la maswali kimya, kumbe kila mmoja anadhani mjinga ni yeye. Siku moja nafunga begi, mwanafunzi akanifunulia daftari lililojaa alama za ufutio: “Mwalimu, mbona mstari huu hautoki?” Wanne waliokuwa mlangoni wakarudi. “Hata mimi!” Jioni ile ile nikarekodi upya, uso umenishuka.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza miaka ya 1990 kuwataka wanafunzi wasome kabla ya kuja. Darasani anauliza swali, kila mtu anachagua jibu kimya, anabishana na jirani yake, kisha wanachagua tena. Video utabishana nayo vipi?

Mtandaoni tu inawezekana, sikatai. Wenye kazi na watoto wa kulea wanasoma hivyo na wanahitimu. Lakini hata Open University ya Uingereza, iliyoanza kufundisha mwaka 1971 kwa redio, televisheni na posta, iliwakutanisha wanafunzi wake ana kwa ana kila kiangazi. Na hao walikuwa hawalimbikizi kama wewe (natania, walikuwepo).

Alhamisi nenda na swali moja ulilokwama, liandike kwenye daftari. Ukiona haya kumuuliza mwalimu wako, mfunulie wa pembeni yako.