Nifundishaje habari za UN (Umoja wa Mataifa) kwa vijana waliokulia jirani na kambi za wakimbizi? Jibu langu kwa mleta mada

Mwalimu mwenzangu, nimesoma uzi wako pamoja na michango ya wadau. Umesema umepangiwa shule ya huku Kigoma, kidato cha tano, Historia na GS (General Studies), na ulipofika kwenye jinsi mataifa yanavyoitikia uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu, kijana mmoja akasema, "UN kazi yao kugawa unga." Darasa likacheka, ukakosa pa kushika. Waliokushauri umtoe nje wamekupoteza. Huyo kijana kakupa mahali pa kuanzia.

Nimefundisha Kasulu miaka mingi. Watoto wa hapa wanaujua mwisho wa hizi habari kuliko mtunga mtaala. Wameona maturubai yenye nembo ya UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, yakiezeka vibanda vya mama lishe, wamekula mafuta ya msaada yaliyonunuliwa sokoni, na kila darasa lina mtu mwenye shangazi au mjomba aliyewahi kufanya kazi Nyarugusu, kambi iliyopo tangu 1996. Wasichokijua ni kilichotangulia turubai. Kuna watu walikaa mezani, wakaamua jambo au wakakwepa kuamua, na sisi huku tukapokea matokeo. Somo lako lirudi nyuma mpaka kwenye hiyo meza.

Kwa hiyo darasani kwangu hakuna kuandika "dunia ilinyamaza". Nani alinyamaza? Alikuwa na uwezo gani siku hiyo? Aliombwa nini?

Zoezi linalonisaidia kuliko yote ni Rwanda, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza. Naunganisha madawati, wanafunzi 15 wanakuwa Baraza la Usalama la UN, waliobaki wanakuwa waandishi wa habari. Kila mjumbe anapata nusu karatasi ya mambo ambayo nchi yake ilikuwa ikiyajua au kuyaogopa. Wa Marekani anasoma kwamba Oktoba 1993 askari 18 wa nchi yake waliuawa Mogadishu, na nyumbani hakuna anayetaka kusikia habari ya kulinda amani Afrika. Wa Nigeria anapigania kikosi cha UN cha kulinda amani kilichoko Rwanda kiongezwe. Kuna na mjumbe wa Rwanda yenyewe, na hapo darasa huwa linalipuka: mwaka ule Rwanda ilikuwa na kiti kwenye Baraza, na aliyekikalia alikuwa mwakilishi wa serikali ileile iliyokuwa ikisimamia mauaji. Waache wabishane hapo kidogo, usiharakishe.

Kisha nasoma taarifa. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa kikosi hicho, ana askari kama 2,500. Tangu Januari alishayaandikia makao makuu ya UN, New York, kuhusu silaha zilizofichwa Kigali, akazuiwa kuzivamia. Tarehe 7 Aprili askari kumi wa Ubelgiji wameuawa, Ubelgiji inaondoa kikosi chake. Mnaamuaje?

Vijana karibu wote hupiga kura kikosi kiongezwe. Sawa, nawauliza, waongezwe kutoka nchi gani? Nani analipa ndege? Magari ya deraya yako wapi? Hapo ndipo kelele hupungua, na hapo ndipo wanaanza kujifunza. Ukishawabana vya kutosha waambie kilichotokea: 21 Aprili Baraza, kwa kauli moja, lilipunguza kikosi hadi watu 270. Tarehe 17 Mei likageuka na kuidhinisha 5,500, lakini askari hao hawakufika mpaka mauaji yalipokwisha.

Halafu lete ramani. Tarehe 28 Aprili, wiki moja baada ya ile kura ya kupunguza, watu kama 250,000 walianza kuvuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kuingia Ngara, ndani ya takribani saa 24. Kambi ya Benaco huko Ngara ikawa mji wa maturubai. Kwa hiyo kijana wako hakukosea sana: unga ulikuja. Waliopunguzwa ni askari.

Mahakama ya Arusha, ile ya UN ya kesi za Rwanda, ipitie haraka: iliundwa Novemba 1994, na hukumu ya Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, ya 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ilitolewa kwetu, ila wakumbushe kwamba mahakama huja watu wakishakufa.

Kutoka hapo nenda kwenye machafuko ya Burundi 2015, ambayo wengi wao waliyaona wakiwa wadogo. Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kilijaa makumi ya maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini, wanapitia uwanja wa Lake Tanganyika kisha mabasi ya Nyarugusu. Hayo watakusimulia wenyewe. Wewe ongeza la mezani: Desemba ile Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha askari 5,000 kwenda Burundi. Serikali ya Bujumbura ikasema itakihesabu kuwa jeshi la uvamizi. Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, na kikosi hakikwenda. Waulize kama kingekwenda bila ridhaa ya mwenye nchi ingekuwaje. Sina jibu moja la swali hilo na sitaki wao wawe nalo.

Usiiache Tanzania nje, maana hapo wanapenda kujisifu. Jeshi letu liliingia Kampala 11 Aprili 1979 na Idi Amin, mtawala wa Uganda, akakimbia. Lakini sababu tuliyoitoa ilikuwa uvamizi wa Kagera, siyo mateso ya Waganda, na kwenye OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) walikuwepo viongozi waliotulaumu. Na Desemba 1996 serikali yetu pamoja na UNHCR zilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba wengi walirudishwa kwa nguvu. Waeleze yote mawili.

Tahadhari moja kubwa. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na kwenye darasa lako kuna mtoto ambaye hutajua bibi yake alivuka lini. Usimsimamishe yeyote aeleze yaliyoipata familia yake. Neno "mkimbizi" huku ni tusi la uwanjani, likitumika hivyo darasani likemee papo hapo. Atakayetaka kusimulia atakufuata mwenyewe, mara nyingi jioni wakati wa kufagia.

Kuhusu muda: zoezi la Baraza linaingia kwenye vipindi viwili vilivyofuatana, na mjadala waache wafanye kwa Kiswahili. Kiingereza cha mtihani wataandikia insha kesho yake. Zile karatasi za wajumbe ninazo, nitumie ujumbe nizipige picha.